Dishi la Juu ya Dharamshala

Kamati ya maadhimisho iliponiomba niandike makala ya historia kwa ajili ya kitabu hiki cha kumbukumbu, nilifahamu kwamba wenzangu wangeandika juu ya waasisi wa hekalu letu, juu ya jiwe la msingi na juu ya wahisani waliochangia marumaru. Hayo ni mambo makubwa, nayo yanastahili kuandikwa na watu walionizidi elimu. Mimi ni muuza vipuri hapa Tanga, niliishia kidato cha nne, na naomba radhi nikiandika juu ya kitu ambacho hakina mfadhili wala kibao cha jina. Ni lile dishi kubwa la wavu lililosimama juu ya paa la dharamshala kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka mwezi uliopita lilipoteremshwa ili paa lipakwe rangi.

Vijana wetu wameniuliza mara nyingi lilikuwa la nini. Mmoja alidhani lilitumika kuvuna maji ya mvua, ingawa lilikuwa wavu mtupu. Nimeona ni vema jibu likaandikwa, kabla sisi tunaolijua hatujapungua zaidi.

Kabla ya dishi kulikuwa na redio. Marehemu baba yangu, mwenyeji wa Anjar katika wilaya ya Kutch, alikuwa na redio kubwa ya mbao yenye jicho la kijani ambalo lilifumba na kufumbua kadiri mawimbi yalivyokuja. All India Radio ilikuwa na matangazo ya Kigujarati yaliyoelekezwa Afrika Mashariki, na matangazo ya Kiswahili pia, ambayo majirani zetu walipenda kuyasikiliza wakisubiri nyimbo. Masafa mafupi yalikuwa na tabia yake: jioni sauti huja safi kana kwamba msomaji yuko chumba cha pili, kisha hudidimia kama mtu anayezama, halafu hurudi. Ba, yaani mama yangu, aliyekuja Tanga kama bibi harusi kwa meli ya Karanja katika miaka ya 1950, alizoea kuacha kupika sauti ilipodidimia, akasimama na mwiko mkononi mpaka irudi.

Halafu kulikuwa na sinema. Mji wetu ulikuwa na Majestic, Novelty na Regal, na filamu za Kihindi hazikuwa za Wahindi peke yao. Wazee wa Ngamiani ambao hawajui neno la Kihindi nje ya nyimbo waliimba nyimbo za Raj Kapoor mwanzo hadi mwisho. Nawakumbusha vijana jambo hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kutazama mambo ya India kulianza na sisi na kukaishia kwetu.

Runinga ilichelewa sana. Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994. Waliobahatika kuwa na seti hapa Tanga walisimamisha antena ndefu kuelekea Pemba au Mombasa, wakatazama chenga na kuzisifu. Kilichotuokoa katikati ya muongo wa 1980 ni deki. Mikanda ya video ilikuja kutoka Bombay, London na Dubai ndani ya masanduku ya wasafiri, ikapita nyumba kwa nyumba mpaka utepe ukachujuka rangi.

Mkanda uliotikisa jumuiya yetu ulikuwa Ramayan ya Ramanand Sagar. Doordarshan ilianza kuirusha tarehe 25 Januari 1987, kila Jumapili asubuhi, nayo ilikuwa na vipindi 78. Sisi tulivipata kwa mafungu, vingine miezi mitatu baada ya India kuvimaliza, na mara moja fungu la Lanka lilitufikia kabla ya lile la msituni. Tulitazama katika ukumbi wa dharamshala. Viatu vilivuliwa mlangoni, taa ya samli iliwashwa kando ya runinga, na akina mama walivika seti shada la maua. Mzee mmoja wa kamati alipinga, akasema kwamba mtu akianza kuabudu sanduku hataona tena haja ya kuja mbele ya murti. Tulimcheka. Sasa sina hakika kwamba alistahili kuchekwa.

Dishi lenyewe lilikuja katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Kwa wasiojua kazi yake, nieleze kidogo. Setilaiti za matangazo hukaa juu ya ikweta, yapata kilomita 36,000 kutoka ardhini, nazo huzunguka sawasawa na dunia inavyozunguka, kwa hiyo kwa mtu aliye chini huonekana kama zimesimama. Mwaka 1995 ilirushwa setilaiti iitwayo PAS-4, ikawekwa juu ya Bahari ya Hindi kwenye nyuzi 68.5 mashariki, na baadhi ya chaneli za India zikapita humo. Kutoka Tanga ilitulazimu kutazama karibu mashariki kamili, ukiegemea kidogo kaskazini, na kuinua macho yapata nyuzi 55 juu ya upeo wa bahari. Mawimbi yanayofika huwa yamechoka mno. Ndiyo maana dishi lilikuwa na upana wa futi kumi: kazi yake ni kuyakusanya na kuyaelekeza kwenye kile kifaa kidogo kilichokaa mbele yake, ambacho mafundi hukiita LNB. Dishi likisogea kwa upana wa vidole viwili tu, India yote hutoweka.

Nalo lilisogea. Sisi wa pwani tunaijua kaskazi, upepo unaoanza kuvuma mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Ndio huo uliosukuma majahazi ya babu zetu kutoka Mandvi mpaka huku, na ndio huo kila msimu uliokuja kulisukuma dishi letu, kwani lilikuwa limeukabili kifua wazi. Chumvi ya bahari ilikula bolti. Kunguru walijenga kwenye mikono ya chuma, wakitumia vipande vya waya walivyoviiba humohumo. Sikuweza kuwachukia sana, maana kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu naye ni mhamiaji kutoka Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, na hakuna aliyewahi kumwambia arudi kwao.

Kulikuwa na kikwazo kingine ambacho Ba alikifurahia. Kila mwaka, kwa siku chache za Machi na tena za Septemba, yapata saa nne asubuhi, jua hupita nyuma ya setilaiti kama linavyoonekana kutoka hapa kwetu, na joto lake huyameza matangazo kwa dakika kadhaa. Sisi tulipiga seti makofi. Ba alikunja mikono na kusema kwamba Surya Narayan anapita, tumwachie njia.

Aliyeufanya mtambo huu uishi hakuwa mtu wa jumuiya yetu. Alikuwa fundi redio wa Ngamiani, Mswahili, ambaye hakuwahi kufundishwa setilaiti na mtu yeyote. Alikuja na dira ya mkononi, spana mbili na seti ndogo aliyoipandisha mwenyewe mpaka juu ya paa. Seti hiyo ilipoharibika tulitumia watu. Fundi alikuwa juu, mimi kwenye ngazi, kijana mmoja dirishani, na Ba ukumbini mbele ya runinga. Yeye alisukuma dishi kwa bega, Ba akatazama, na habari ikapanda kwa mdomo: bado, bado, imekuja, imepotea, rudisha! Picha ilipotulia Ba alipaza sauti kwa Kigujarati, "Bas! Bas!" na fundi akaacha kusukuma bila kungoja tafsiri, kwa kuwa neno hilo ni lake pia.

Ugumu ulizidi kabla ya miaka ya 1990 kwisha. Matangazo yaliingia mfumo wa kidijitali, ikabidi kununua king'amuzi kipya. Kisha chaneli zilizokuwa za bure zikaanza kufungwa, moja baada ya nyingine, na ufunguo wake ulikuwa kadi iliyouzwa India kwa mkazi wa India. Tulifanya walivyofanya wengi: ndugu wa Rajkot alijiandikisha kwa jina lake, na kadi ikasafiri hadi Tanga ndani ya kopo la khakhra. Sitajifanya kwamba ilikuwa halali kabisa. Siku kampuni ile ilipogundua, ikaizima katikati ya kipindi, na malipo ya mwaka mzima yakapotea. Hatukuwa na mahali pa kulalamika, maana kwa makaratasi yao sisi tulikuwa tunaishi Rajkot.

Nasi kwa namna fulani tulikuwa tumehamia huko. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Tamthilia kubwa kuliko zote za wakati ule, Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi, iliyoanza tarehe 3 Julai 2000, ilikuwa ya saa nne na nusu usiku kwao. Nyumba zilizoipata ziliitazama saa mbili kamili usiku kwa saa zetu. Kila Mtanzania anajua saa mbili usiku ni saa ya nini: ni saa ya taarifa ya habari. Kwa hiyo katika nyumba zetu nyingi watoto walikua wakijua mashemeji wote wa ukoo wa Virani, wasijue nani ni mkuu wa mkoa wao. Tulinunua dishi ili wasipoteze lugha ya nyumbani. Walijifunza Kihindi, ambacho si lugha ya nyumbani kwetu hata kidogo, na Kikutchi wakakiacha kwa Ba.

Nafika sasa kwenye siku ninayotaka iandikwe.

Mwanzoni mwa Januari 2001 kaskazi ililigeuza dishi, na ukumbi ukabaki na chenga. Mimi ndiye niliyekuwa na dhamana ya ukumbi. Sikumwita fundi. Sababu yake ni aibu, nami naiandika kama ilivyokuwa: tulikuwa tunamdai subira. Alikuwa amekuja mara mbili kabla ya Diwali bila kulipwa, kila mara nikimwambia kamati itakaa. Kamati ilikuwa imekwisha kukaa, hati ya malipo imo ndani ya mtoto wa meza yangu, nami nilikuwa nimetingwa na mzigo bandarini.

Ijumaa tarehe 26 Januari ilikuwa Siku ya Jamhuri ya India. Saa kumi na mbili na dakika 16 asubuhi kwa saa zetu, ardhi ya Kutch ilitetemeka. Takriban watu 20,000 walikufa. Bhuj, Bhachau na Anjar zilianguka. Sisi tulipata habari saa tatu, kwa simu kutoka kwa jamaa aliyeko London, naye alisema tu, "Washa runinga." Simu za Kutch zilikuwa zimekatika zote. Ba alikuwa na mdogo wake wa pekee, Masi yetu, aliyeishi katika vichochoro vya mji mkongwe wa Anjar. Alikuja ukumbini, akakaa mbele ya chenga, asiseme neno.

Niliendesha gari hadi Ngamiani. Fundi alikuwa kibarazani, amekwisha kuoga na kuvaa kanzu yake ya Ijumaa. Nilimwambia. Hakuuliza habari za fedha. Alichukua spana, akapanda paa na kanzu yake, akaipandisha na kuifunga kiunoni, na kwa muda wa saa mbili na nusu alipigana na bolti iliyoshikana kwa kutu. Mikono yake ilichubuka. Nilikuwa kwenye ngazi nikipokea na kupeleka maneno yaleyale ya siku zote, bado, bado, na mara hii hakuna aliyecheka. Kisha ikasikika sauti ya Ba kutoka chini, ndogo kuliko kawaida: "Bas."

Picha ya kwanza ilikuwa kifusi. Ya pili ilikuwa kifusi kingine, na chini yake limeandikwa jina Anjar. Mji huo asubuhi ile ulikuwa na gwaride la watoto wa shule wakipeperusha bendera katika njia nyembamba, na nyumba za pande zote mbili ziliwaangukia. Ba aliwatafuta watu kwenye picha kama anavyotafuta mtu uzi uliodondoka. Alitutajia njia: hapa palikuwa na duka la shaba, hapa kisima. Fundi alishuka, akanawa mikono, akamwambia, "Pole, Mama," akaenda msikitini amechelewa. Baada ya sala alirudi, akakaa nyuma ya ukumbi mpaka usiku, na kila picha ilipotetereka alipanda tena.

Jumapili picha ilitoweka, naye hakuwepo. Nilimtuma kijana, na kijana akarudi na jibu kwamba fundi yuko pwani ya Sahare tangu alfajiri, anawauliza manahodha. Siku iliyotangulia, Jumamosi tarehe 27, kulikuwa na maandamano Unguja na Pemba, na zaidi ya watu 30 waliuawa. Dada yake aliolewa Wete. Nilimfahamu mtu yule kwa miaka mitano, amekula ukumbini mwetu, amemwita mama yangu Mama, wala sikujua kwamba ana dada Pemba. Kutoka Tanga hadi Wete ni bahari ya kilomita zisizofika 80. Anjar iko zaidi ya kilomita 4,500, nasi tulikuwa tunazitazama nyufa za kuta zake. Dishi la futi kumi halikuwa na la kumwambia juu ya Pemba. Alibaki na redio za nje na maneno ya wavuvi, kama baba yangu alivyobaki na jicho lake la kijani.

Nilirudi nikamweleza Ba kwa nini picha haipo, nami nadhani nilieleza kwa namna ya kulalamika. Aliniuliza, "Yeye alinitafutia dada yangu. Wewe umemtafutia nani?" Halafu akauliza kama amelipwa. Sikuweza kumdanganya.

Nililipa jioni ile, deni lote, pale pwani, na haikuwa pahali pa kulipia deni. Alizipokea bila kuzihesabu. Nilibaki naye mpaka jahazi la mwisho lilipoingia, na kesho yake tena. Masi hatukumwona katika runinga. Siku ya nne mpwa wake alipiga simu kutoka Rajkot kusema kwamba amepatikana na amekwisha kuchomwa. Dada wa fundi alikuwa miongoni mwa watu wapatao 2,000 waliovuka kukimbilia Shimoni, upande wa Kenya. Salamu zake zilifika baada ya wiki mbili. Ba alikuwa bado katika siku za msiba, lakini alituma kikapu cha unga na sukari Ngamiani, nami nilikibeba. Wakati huohuo hekalu lilikuwa linakusanya mablanketi ya kupeleka Kutch, na vitabu vya mwaka ule vinaonyesha michango ya majirani wengi wasio wa dini yetu. Majina yao yamo; nimeiomba Kamati iyachapishe mahali pengine katika kitabu hiki.

Yaliyofuata ni mafupi. Vilikuja vingʼamuzi vya kulipia hapahapa nchini, na madishi madogo kama ungo wa kupepetea mchele, yasiyohitaji bega la mtu. Ba alifariki. Ilipofika Machi 2020, ulimwengu umejifungia kwa sababu ya korona, na Doordarshan ikairudia Ramayan ileile, wajukuu zangu waliitazama kwenye simu, wamelala kitandani, bila taa wala shada. Dishi kubwa lilibaki juu kwa sababu hakuna aliyelikumbuka, isipokuwa kunguru.

Kamati ilipoamua literemshwe, walipendekeza kampuni ya ujenzi. Niliomba aitwe fundi. Amezeeka, macho hayamsaidii tena, alikuja na mjukuu wake. Alikaa kwenye kiti uani, chini ya mwarobaini, na kijana akapanda. Bolti ya mwisho ilikuwa ileile ya mwaka 2001, imeshikana tena, na kijana alipoipiga nyundo kwa hasira mzee alimkataza, akamwambia asukume kwa bega, taratibu, kuelekea baharini. Dishi liliinama. "Basi," alisema.

Nguzo tumeiacha, kijana anasema itafaa kwa taa. Malipo yao niliyatoa mkononi palepale, kabla hajamaliza kukusanya spana.